Maisha ya Richard Drew, Aliyetengeneza Utepe wa Kunata

Mtoto wa Kisarawe hahitaji kuelezwa ulimbo ni kitu gani. Huupika utomvu, akaupaka kijitini, na ndege atuapo hapo hawezi tena kuruka. Ajua pia kwamba utomvu wa fenesi haupendi kuondoka mikononi, na ya kuwa mwenye akili hupaka kisu chake mafuta kwanza, ndipo apasue. Basi kunata si ajabu. Ajabu ni kunata kwa kiasi: kitu kishike panapotakiwa kushika, na siku ya kutolewa kitoke bila ya kuharibu kilichoshikwa. Mtu aliyetumia miaka mingi kutafuta jambo hilo aliitwa Richard Drew, na habari zake ndizo hizi.

Alizaliwa tarehe 22 Juni 1899 katika mji wa St. Paul, jimbo la Minnesota, huko Marekani, nchi ambayo maziwa yake huganda yakawa barafu majira ya baridi. Alikuwa kijana mwenye kupenda muziki, akajifunza kupiga banjo, chombo cha nyuzi kama gambusi, na kwa fedha alizopata katika ngoma za usiku akajilipia karo ya chuo kikuu. Alitaka kuwa mhandisi. Walakini hakukaa chuoni ila kama mwaka mmoja, kisha akaacha, akaendelea kujifunza habari za mitambo kwa masomo ya barua. Hivyo hakuwa na shahada yoyote alipoajiriwa mwaka 1921.

Kampuni iliyomwajiri ilikuwa na historia ya kuchekesha kidogo. Iliundwa mwaka 1902 ili kuchimba mawe magumu ya kusagia vyuma, na wenyewe walipokwisha kutia fedha zao wakagundua kwamba mawe yale si yale waliyoyadhania, wala hayafai kwa kazi hiyo. Wakageuka, wakaanza kutengeneza karatasi ya msasa. (Sisi twaiita hivyo kwa sababu ya mti wa msasa, ambao majani yake hukwaruza, na maseremala wa pwani wakiyatumia kulainishia mbao tangu zamani.) Kampuni ilikuwa imepata karatasi mpya ya msasa isiyoharibika ikilowa maji, na kazi ya Drew ilikuwa kuichukua katika karakana za magari ili mafundi waijaribu.

Katika miaka ile watu wa Marekani walipenda magari yenye rangi mbili. Kazi hiyo iliwatesa mafundi. Fundi akipaka rangi ya kwanza hungoja ikauke, kisha huifunika kwa karatasi iliyobandikwa kwa gundi au kwa plasta ya hospitali, apate kupaka rangi ya pili kando yake. Tatizo lilikuja wakati wa kubandua: karatasi ilitoka na rangi pamoja, na kazi ya siku nzima ikawa bure. Siku moja Drew aliingia katika karakana moja ya St. Paul akamkuta mpaka rangi amepatwa na msiba huo, naye analaani kwa maneno yasiyofaa kuandikwa katika kitabu hiki. Drew, ambaye hakujua lolote juu ya gundi, akamwahidi kwamba atamtengenezea utepe utakaoshika vizuri na kutoka vizuri.

Ahadi ilikuwa nyepesi, utekelezaji ukachukua kama miaka miwili. Alijaribu mafuta ya mimea, alijaribu sandarusi za namna nyingi. Moja lilikauka, lingine likaacha uchafu juu ya rangi. Mkubwa wake, William McKnight, alipoona muda unapotea, alimwamuru aache mambo ya utepe na kurudi katika kazi ya msasa. Drew aliitika, akarudi. Lakini haukupita muda mrefu akaonekana tena katika chumba cha majaribio na gundi yake. McKnight alimwona kwa macho yake, akapita, asiseme neno.

Mwishowe Drew aliona karatasi yenye mikunjo-mikunjo midogo, ambayo huvutika bila kupasuka, nayo ikafaa kufuata pembe na mabonde ya mwili wa gari. Juu yake akapaka gundi ya maseremala iliyochanganywa na gliserini ili isikauke upesi. Sasa akahitaji mashine ya kutengenezea utepe ule kwa wingi. Akaomba fedha, akakataliwa. Yeye alikuwa na idhini ya kununua vitu visivyozidi dola 100 bila kuuliza mtu. Basi akaandika hati moja ya dola 99, na nyingine ya dola 99, na nyingine, mpaka mashine ikapatikana kipande kwa kipande. Baadaye alimkiri McKnight jambo hilo. Sisemi kwamba ni vizuri mtumishi kumzunguka bwana wake namna hiyo, na kama utepe ungeshindikana, yamkini Drew angefukuzwa kazi siku ileile. Aliiweka riziki yake rehani, naye alijua.

Utepe huo ulitoka mwaka 1925. Ni mwaka uleule ambao Chuo cha Mtakatifu Andrea kilitoka Kiungani, Unguja, kikaja Minaki, Kisarawe. Utepe wa kwanza ulikuwa na upana kama inchi mbili, na gundi ilipakwa ukingoni tu, katikati hapana kitu. Husimuliwa kwamba mpaka rangi mmoja aliyeujaribu aliona unaanguka, akakasirika, akamtuma Drew arudi kwa mabwana zake wachoyo wakaongeze gundi. Neno alilolitumia kwa uchoyo lilikuwa “Scotch”, yaani mtu wa Uskoti, kwa kuwa Waskoti hutaniwa sana kwamba hawatoi kitu. Gundi ikaongezwa, lakini tusi lile likabaki kuwa jina la bidhaa hata leo.

Sasa tuje katika jambo la pili, nalo kwangu ndilo kubwa zaidi. Mwaka 1929 kampuni moja ya St. Paul, iliyotengeneza vizuia-joto kwa nyuzi za kitani, ilipata kazi ya kuvika mamia ya mabehewa ya gari la moshi yanayobeba nyama na matunda katika barafu. Machungwa ya Kisarawe hufika Dar es Salaam kabla jua halijawa kali. Lakini matunda ya California husafiri zaidi ya kilometa 4,000 mpaka New York, na bila ya baridi yangeoza njiani. Kuta za mabehewa zilijazwa vizuia-joto. Kampuni ikataka kila kipande kifungwe kisipate unyevu, nayo ikamwuliza Drew kama ana utepe wa kufaa.

Kwa nini unyevu uogopwe hivyo? Tazama gilasi ya maji ya barafu mezani: baada ya kitambo nje yake hutoka jasho. Maji hayo hayakupenya kioo, bali yametoka hewani. Hewa ikigusa kitu baridi huangusha maji yake. Hali kadhalika kila bomba baridi. Mabomba makubwa yaletayo maji ya mto Ruvu kutoka Mlandizi hayahitaji kuvikwa nguo, kwa kuwa maji yake si baridi sana wala si moto. Bali bomba la mashine ya kupoza hewa, au la chumba cha kuhifadhia dawa, lisipovikwa hutiririka maji mchana kutwa katika hewa nzito ya pwani. Kinachozuia joto ni hewa iliyonaswa ndani ya nyuzi au povu, kama ilivyo katika sufi ya godoro. Nyuzi zikilowa, maji huchukua mahali pa hewa, na joto hupita. Nguo ipo, lakini haina kazi. Kwa hiyo anayeviziba viungo vya nguo ile ndiye aliyeshika ufunguo wa kazi yote. Mafundi wa majokofu wa Kibaha, wakizungusha utepe juu ya bomba lililosimama, huanza chini wakapanda juu, kila mzunguko ukilalia kidogo ule wa chini yake, kama vile makuti yanavyoezekwa, ili maji yateleze nje yasiingie.

Drew aliona kwamba karatasi haiwezi kuzuia maji. Wakati huo selofani, karatasi ing'aayo kama kioo iliyobuniwa na Mswisi Jacques Brandenberger, ilikuwa imeanza kutengenezwa kwa namna isiyopitisha unyevu. Drew akaagiza yadi 100. Lo! Kazi ikawa ngumu kuliko ya kwanza. Selofani ilijikunja ikikaribia joto, ilipasuka ndani ya mashine, na gundi haikushika sawasawa. Jioni mafungu ya selofani iliyoharibika yalijaa chumbani. Gundi yenyewe ilikuwa na rangi, ikauharibu uangavu. Ikabidi itafutwe nyingine iliyo safi, ya mafuta, sandarusi na mpira, na kitu cha kupaka kwanza chini yake ili ishike.

Tarehe 8 Septemba 1930 roli ya kwanza ya majaribio ilipelekwa kwa mteja wa Chicago. Wenye kampuni walitumaini kuuza kwa waokaji mikate na wauza nyama, waliofunga bidhaa zao kwa selofani. Lakini mara ikapatikana njia ya kuunga selofani kwa joto, na wateja hao hawakuuhitaji utepe sana. Ungeweza kufa hapo.

Kilichouokoa ni umaskini. Mwezi wa Oktoba 1929 biashara ya Marekani ilikuwa imeanguka, na taabu ile ikaenea duniani. Hata Tanganyika bei ya mkonge ilishuka vibaya na vibarua wakakosa kazi. Mamilioni ya Wamarekani hawakuweza kununua vitu vipya. Basi wakaunga kurasa za vitabu zilizochanika, pazia, vitu vya kuchezea vya watoto, hata noti zilizopasuka. Utepe uliokusudiwa mabehewa ya barafu ukaingia katika kila nyumba. Taabu moja ilibaki, ile ya kuutafuta mwanzo wa utepe kwa ukucha, mpaka mwaka 1932 John Borden, mtu wa kampuni ileile, alipotengeneza kishikio chenye meno ya kukatia.

Drew hakuacha kazi. Mwaka 1943 alipewa maabara yake mwenyewe, akachagua watu wa namna yake, wale ambao pengine walionekana wakaidi mahali pengine, akawaacha wajaribu wanayotaka. Maabara hiyo ilishughulika na mambo mengi, pamoja na plasta za hospitali zinazopitisha hewa na karatasi za kurudisha mwanga katika alama za barabarani. Yeye mwenyewe alipata hataza 30. Alistaafu mwaka 1962, akafa huko Santa Barbara, California, tarehe 14 Desemba 1980, mwenye umri wa miaka 81. Mwaka 2007 Wamarekani waliliandika jina lake katika jumba lao la kuwaheshimu wavumbuzi.