Mwana Kupona na Nywele za Bintiye

Kila jioni mke wangu humketisha mjukuu wetu mkekani, akamtia mafuta ya nazi kichwani, akamchana kwa chanuo kuanzia nchani ili nywele zisikatike, kisha akamsuka. Nami humkumbuka marehemu Mwana Kupona binti Msham.

Bibi huyu wa Pate aliolewa na Bwana Mataka, mtawala wa Siyu, aliyefariki mwaka 1856. Mwaka 1858, akiwa mgonjwa, alimwita bintiye, Mwana Hashima, aje na wino na karatasi, akamtungia utendi wa wasia. Baada ya dini na adabu, hakuona haya kutaja mwili: binti aoge, ajisinge, afunge nywele zake, atunge na yasimini.

Ujanani niliusoma wasia huo nikaona utiifu kwa mume tu. Leo namwona mama aliyehofia kwamba hatalishika tena chanuo la mwanawe, akamwachia kwa maandishi kazi ya mkono wake. Mauti yalimchukua, wasia wake ungali unasomwa. Mola amrehemu. Amin.