Habari za Frederick Douglass

Mwaka 1776 wakuu wa Marekani walitangaza ya kuwa watu wote wameumbwa sawa, tena kila mtu ana haki ya kuwa huru. Maneno hayo yalikuwa mazuri mno, walakini wengi wa waliotia sahihi walikuwa na watumwa nyumbani kwao.

Katika nchi hiyo, jimbo la Maryland, Frederick Douglass alizaliwa mwaka 1818, naye alikuwa mtumwa kwa kuwa mama yake alikuwa mtumwa. Alipopelekwa mji wa Baltimore, bibi wa nyumba akaanza kumfundisha herufi. Lakini bwana akamkataza mkewe, maana alijua ya kuwa mtumwa ajuaye kusoma hatatulia utumwani. Mtoto akayasikia hayo, akayaweka moyoni. Tangu hapo akawa akitoka na mikate, akiwapa watoto maskini wa Kizungu njiani, nao wakimlipa kwa kumfundisha kusoma.

Hata tarehe 3 Septemba 1838 akavaa nguo za baharia, akachukua cheti alichoazimwa na mtu huru, akapanda gari la moshi na kutorokea kaskazini. Huko akawa msemaji mashuhuri wa kupinga utumwa, akaanzisha na gazeti katika mji wa Rochester.

Mwaka 1852 alialikwa mjini humo ahutubu kwa ajili ya sikukuu ya uhuru, iangukayo tarehe 4 Julai. Akakubali, lakini alihutubu tarehe 5. Kwanza aliwasifu wazee walioiasisi nchi. Kisha akawauliza wasikilizaji, sikukuu ile inamhusu nini mtumwa? Mwingine angaliyatupa maneno ya 1776 kuwa ni uongo mtupu. Yeye aliyashika kama mdai ashikavyo hati ya deni.

Vita vilipotokea, Douglass aliandikisha askari weusi, wakiwamo wanawe wawili. Utumwa ukakomeshwa mwaka 1865, na mwaka 1870 ikakatazwa kumnyima mtu kura kwa ajili ya rangi yake. Je, deni lililipwa? Bado. Mwaka 1890 jimbo la Mississippi lilitunga katiba iliyomtaka mpiga kura alipe kodi, tena aweze kuisoma katiba au kuieleza mbele ya karani. Angalieni jambo hili: waliokatazwa kusoma jana, leo wanazuiliwa kwa kuwa hawakusoma! Douglass, ambaye nywele zake zilikuwa nyeupe kwa uzee, alizipinga dhuluma hizo hata alipofariki tarehe 20 Februari 1895. Sheria yenye nguvu ya kuwalinda wapiga kura weusi ilitolewa mwaka 1965.