Kabla hujapiga picha mtaani, mjue Mo Amin

Ukipiga picha usiku kwa kibanda Kawangware, chini ya balbu ya njano, beshte yako anatoka kama amepakwa manjano. Mpige mchana kivulini, kwa kichochoro cha Kibera, anatoka wa kibuluu. Si ati kamera ni mbovu. Macho yako hurekebisha rangi ya mwanga yenyewe. Kamera lazima iambiwe.

Sasa kuna msee aliyefanya kazi hii bila simu ya kumsaidia. Mohamed Amin, maarufu Mo, alizaliwa Eastleigh mwaka 1943, akakulia Dar es Salaam. Huko ndiko alikoanzisha Camerapix mwaka 1963, akiwa bado kijana wa rika lako.

Enzi hizo ni filamu. Ya mchana ilitengenezewa mwanga wa kelvini 5500 hivi, ya taa za ndani 3200. Ukishaipakia, umejifunga. Ukiingia na ya mchana kwa nyumba yenye balbu, kila kitu kinageuka rangi ya chungwa, labda uweke kichujio cha buluu kwa lenzi. Hakuna kufuta urudie.

Na matukio hayakumngoja. Julai 1969, Tom Mboya alipopigwa risasi jijini, Mo aliwahi kufika na kamera. Oktoba 1984 alikuwa Korem, Ethiopia, katikati ya njaa. BBC ilipoonyesha kazi yake dunia ilishtuka, na mwaka uliofuata likaja tamasha la Live Aid kuchangisha pesa. Mwaka 1991 mlipuko wa ghala la silaha Addis Ababa ulimnyang'anya mkono wa kushoto. Akarudi kazini na mkono bandia. Alifariki Novemba 23, 1996, ndege aliyoabiri ilipotekwa na kuanguka baharini karibu na Comoro.

Wewe una simu yenye alama ya WB, yaani mizani ya weupe. Kwa simu nyingi iko kwa mpangilio wa kitaalamu. Kivulini picha ikiwa ya buluu, pandisha namba hadi 7000 hivi. Chini ya balbu ya njano, shusha hadi 3000. Weka karatasi nyeupe mbele ya lenzi: ikionekana nyeupe, uko sawa.

Watu wa dunia waliamini kile Mo alichowaonyesha. Nawe usiwapake watu wa mtaa wako rangi ambayo si yao.