Maisha ya Dakta Martin Luther King, Aliyeingia Chuo Mapema

Siku hizi sisi wa kidato cha nne hatuna mazungumzo mengine ila haya: je, mtu aombe chuo mara tu matokeo yatokapo, au amalize kwanza kidato cha tano na cha sita? Kwa hiyo nimeona yafaa niwasimulie wasomaji wetu habari za mtu mashuhuri aliyelikabili jambo la namna hiyo akiwa na umri wa miaka 15 tu. Naye ni hayati Dakta Martin Luther King, mpigania haki za watu weusi wa Marekani.

Alizaliwa tarehe 15 Januari, 1929, katika mji wa Atlanta, jimbo la Georgia. Baba yake alikuwa mchungaji. Zamani zile watoto weusi wa Georgia walitengwa na weupe kwa sheria, shuleni na hata katika mabasi. Mwezi wa Aprili, 1944, King alikwenda mji wa Dublin kushindana kutoa hotuba. Wakati wa kurudi, yeye na mwalimu wake waliamriwa kuwapisha abiria weupe, wakasimama safari ya maili karibu 90 mpaka Atlanta.

Mwaka ule Marekani ilikuwa vitani. Vijana wengi walikuwa jeshini, na Morehouse, chuo cha vijana weusi pale pale Atlanta, kilipungukiwa na wanafunzi. Basi kikawafungulia mlango hata wale ambao hawajamaliza sekondari, mradi washinde mtihani wa kuingilia. King alikuwa amekwisha kuruka darasa la tisa. Akafanya mtihani, akashinda, akaliruka na la 12. Septemba, 1944, akaanza chuo.

Wengi husifu hapo, wakakoma. Lakini King alipofika chuoni aliona kwamba kusoma kwake kulikuwa bado kwa kiwango cha darasa la nane. Ikambidi ajitahidi awafikie wenzake, wala alama zake hazikuwa za ajabu. Hata kazi ya kufanya maishani alikuwa hajaijua. Mara alifikiri sheria, mara uganga wa hospitali. Lakini hakuwa peke yake. Aliishi kwao, baba yake na babu yake walikuwa wamesoma chuo kile kile, na mkuu wa chuo, Benjamin Mays, alimlea kwa mashauri mema. Mwisho akaazimia kuwa mchungaji, akahitimu mwaka 1948, akiwa na miaka 19.

Baada ya hapo hakusema kwamba elimu imetosha. Alisoma miaka mitatu katika chuo cha Crozer, akamaliza mwaka 1951 akiwa wa kwanza darasani. Kisha akaenda Boston, akapata shahada ya udaktari mwaka 1955. Desemba ya mwaka huo watu weusi wa Montgomery walipogoma kupanda mabasi, walimchagua yeye awaongoze. Mgomo ulidumu siku 381, nao wakashinda. Mwaka 1964 alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani. Aliuawa Memphis tarehe 4 Aprili, 1968, hajatimiza miaka 40.

Mimi nina miaka 17. Wazazi wangu wanapenda niombe chuo cha utabibu, miaka mitatu, nianze kazi mapema, kwa kuwa wadogo zangu watatu wananifuata na ada ni nzito. Mimi moyo wangu ulikuwa katika kidato cha tano, ili niwe daktari kamili. Nikiyatazama maisha ya King naona kwamba kuingia mapema hakukumpunguzia kitu, kwa sababu alikubali kuhangaika na masomo na hakuifanya shahada ya kwanza kuwa kituo cha mwisho. Tena alikuwa na watu wa kumshika mkono.

Basi nimeazimia kuomba chuo. Nimewaomba wazazi wangu jambo moja tu, nao wamekubali: wadogo zangu watakapokuwa wamesoma, nisizuiwe kurudi darasani kuutafuta udaktari. Ndugu zangu wa kidato cha nne, kila mmoja apime hali ya kwao na nguvu zake, kisha achague bila kuona haya.