Sayyid Said bin Sultan na mali ya vyanzo vingi

Ndugu Waislamu, bei ya kakao katika masoko ya dunia ilipopanda mno mwaka 2024, yumkini baba wa familia huko Busale, wilayani Kyela, alitamani kuacha mpunga na migomba apande kakao tupu. Kwa ajili yake tumeona tuyatazame maisha ya Sayyid Said, upande wa uchumi wake.

Alizaliwa Oman mwaka 1791, akashika utawala mwaka 1806 akiwa kijana mno. Mapato ya Maskati yalitegemea bahari, na bahari ilikuwa na maadui wengi. Basi akayatawanya. Alimiliki merikebu na kufanya biashara ya pembe za ndovu. Ushuru wa forodha ya Unguja aliukodisha kwa wafanyabiashara wa Kihindi kwa kiasi kilichopatanwa kila mwaka. Mwaka ukiwa mbaya, hasara ni ya mkodi. Alifunga mikataba ya biashara na Marekani mwaka 1833, Uingereza 1839 na Ufaransa 1844, na merikebu yake Sultana ilitia nanga New York mwaka 1840. Tena akalima karafuu, katika mashamba yanayotajwa kufikia 45.

Mtawala alikuwa na vyanzo vingi, lakini raia aliwasukuma kwenye kimoja. Inasimuliwa aliamuru ipandwe mikarafuu mitatu kwa kila mnazi. Mpunga ukapungua Unguja hata mchele ukaagizwa nje, na katika miaka ya 1840 karafuu zikazidi sokoni, bei ikaanguka.

Wala hatuwezi kunyamaza juu ya mikono iliyozichuma. Ilikuwa ya watumwa, wengi wao wametolewa pande za Ziwa Nyasa na kupitishwa Kilwa. Hukumu ya kumteka mtu huru na kumuuza inajulikana katika sharia yetu, na hesabu nzuri ya biashara haiisafishi mali ya namna hiyo.

Sayyid Said alifariki baharini Oktoba 1856, akirejea Unguja kutoka Maskati. Mwaka 1872 kimbunga kikaangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, Pemba ikanusurika kwa kiasi kikubwa. Bei ikapanda, na waliokuwa na mashamba Pemba ndio waliokuwa na cha kuuza.