Jemadari Kakungulu na Ngome ya Budaka

Wageni wengi huko Romania huizuru ngome ya Bran, iliyojengwa katika karne ya 14, wakitafuta nyayo za mnyonya damu wa kitabu kilichotolewa mwaka 1897. Mtawala Vlad, ambaye mnyonya damu huyo alipewa jina lake la Dracula, hakuimiliki ngome hiyo kamwe. Sisi wa Nagongera hatuna haja ya kwenda mbali hivyo. Tangu miaka ya 1920 wazee wetu walitishwa na habari za wazimamoto, ambao pwani huitwa mumiani: watu wenye sare na magari, waliodaiwa kuwakamata raia usiku na kuwatoa damu. Habari hizo zilikuwa uvumi mtupu. Lakini hapana budi mwanajeshi na polisi wajiulize kwa nini raia waliiogopa sare kiasi hicho. Kwa maoni yetu, jibu lataka kutafutwa Budaka, kaskazini yetu, ilipokuwa ngome ya Semei Kakungulu.

Kakungulu alizaliwa yapata mwaka 1869. Alitoka Kooki akaingia Buganda, akawa mwindaji wa ndovu wa Kabaka Mwanga. Katika vita vya dini vilivyoanza mwaka 1888 aliinuka hadi akawa jemadari mashuhuri wa Waprotestanti. Aliyemzidi ni Apolo Kagwa, Katikiro, naye alimzidi katika siasa za Mengo, si kwenye uwanja wa vita. Tarehe 9 Aprili 1899, huko Lango, Kakungulu alikuwa pamoja na majeshi ya Waingereza walipomkamata Kabalega wa Bunyoro, na pamoja naye Mwanga, bwana wake wa zamani. Wafalme wote wawili walipelekwa Shelisheli. Tunakiri kwamba sehemu hii ya maisha yake ni nzito kuisimulia mbele ya askari.

Baada ya hapo alivuka kuingia Bukedi na wafuasi wake wenye bunduki, akajenga ngome moja baada ya nyingine. Mwaka 1901 makao yake yalikuwa Budaka. Sir Harry Johnston alikuwa amempa matumaini, naye akajiona Kabaka wa Bukedi. Tatizo lilikuwa posho. Jeshi lile halikuwa na mshahara. Lilikula ng'ombe na nafaka za wenyeji. Mkulima aliyeamka akakuta zizi tupu hakuuliza amri ilitoka kwa nani. Malalamiko yaliwafikia Waingereza, nao mwaka 1902 wakamwondoa Budaka wakaitwaa ngome. Hata hivyo, utawala wa mawakala wa Kiganda aliouanzisha haukuondoka naye. Budama pia iliuonja.

Yeye alipewa ardhi Mbale, akaupanga mji wenyewe. Kuanzia mwaka 1906 hadi 1913 alikuwa Rais wa Lukiko ya Busoga. Kisha akajiunga na dini ya Malaki, iliyokataa dawa za hospitali na chanjo. Ni ajabu kwamba jemadari aliyetishia nchi nzima kwa bunduki alikuja kuikataa sindano ya daktari. Mwaka 1919 alitahiriwa pamoja na wanawe, akaanzisha jumuiya ya Abayudaya, wafuasi wa dini ya Kiyahudi.

Alifariki tarehe 24 Novemba 1928, akazikwa Gangama, karibu na Mbale. Jumuiya yake ingali ikiadhimisha Sabato katika vilima vya huko.