Rumanyika Orugundu: Mfalme wa Karagwe Ambaye Jina Lake Limebaki Hifadhini

Kabla ya mipaka ya Tanzania, Uganda na Rwanda kuchorwa, na zaidi ya karne moja kabla ya Wilaya ya Kyerwa kuanzishwa mwaka 2012 kwa kugawa Wilaya ya Karagwe, vilima na mabonde yaliyo upande wa mashariki wa Mto Kagera yalikuwa sehemu ya ufalme mmoja, ufalme wa Karagwe. Miongoni mwa wafalme wake, ambao kwa lugha ya wenyeji huitwa Abakama, aliyejulikana zaidi nje ya nchi yake ni Rumanyika Orugundu. Leo jina lake limo katika Hifadhi ya Taifa ya Rumanyika-Karagwe, na historia yake inawahusu moja kwa moja wananchi wa Kaisho na kata jirani, ambao wametakiwa na sheria kutunza ardhi ile ile aliyoitawala.

Rumanyika alizaliwa katika ukoo wa Wahinda, uliotawala Karagwe kwa vizazi vingi na ambao hujinasibisha na mwasisi wao, Ruhinda. Baba yake, Ndagara, alifariki dunia katikati ya karne ya 19 na kuacha mgogoro wa kurithi kiti. Masimulizi ya Karagwe yanaeleza kuwa wana wa mfalme waliwekewa mbele yao ngoma ndogo ya kifalme, na kwamba ni Rumanyika peke yake aliyeweza kuiinua. Hata hivyo, ngoma haikumaliza ubishi. Ndugu yake, Rogero, aliendelea kudai haki ya kutawala, na Rumanyika alijiimarisha kwa msaada wa wafanyabiashara wa msafara kutoka Tabora, akiwamo Musa Mzuri.

Utawala wake ulikuwa na makao Bweranyange, juu ya kilima kinachotazama ziwa. Si mbali na hapo, huko Kafuro, wafanyabiashara Waarabu na Waswahili walijenga makazi yao na kununua pembe za ndovu kwa nguo, shanga na nyaya za shaba. Katika kasri kulikuwa na hazina ya vitu vya chuma vilivyofuliwa kwa ustadi mkubwa, vikiwamo sanamu za ng'ombe na nyundo za kifalme, kwa kuwa uhunzi ulikuwa alama ya mamlaka. Lakini utajiri wa nchi ulikuwa ng'ombe. Makundi makubwa yalilishwa kwenye nyanda za juu zenye majani mafupi, huku mabondeni wakulima wakistawisha migomba na nafaka.

Mwezi Novemba 1861, Waingereza John Hanning Speke na James Augustus Grant walifika Karagwe wakitafuta chanzo cha Mto Nile. Rumanyika aliwapokea kwa heshima na kuwaeleza habari za nchi za jirani, milima na maji yake. Speke aliliita ziwa lililo chini ya kasri Windermere, kwa kulifananisha na ziwa la kwao Uingereza. Mwanzoni mwa mwaka 1862 aliendelea na safari kwenda Buganda, lakini Grant alishindwa kutembea kutokana na kidonda kibaya cha mguu. Alibaki chini ya uangalizi wa mfalme hadi Aprili mwaka huo. Grant alikuwa mpenzi wa mimea, na vielelezo alivyokusanya katika safari hiyo viliingia katika kumbukumbu za wanasayansi wa Uingereza.

Wakati wa ziara hiyo, Speke aliwinda faru katika vilima vya Karagwe na kumpelekea mfalme vichwa vyao. Taarifa hiyo fupi ina uzito mkubwa leo. Inathibitisha kwamba miaka 160 na zaidi iliyopita faru walikuwa wakiishi jirani na makao ya mfalme, katika nchi yenye watu, mashamba na mifugo.

Mgeni mwingine, Henry Morton Stanley, alifika mwaka 1876 na kumkuta Rumanyika akiwa mtu mzima mwenye hadhi na upole. Stanley aliishusha mashua yake, Lady Alice, katika ziwa la Windermere, kisha akaingia Mto Kagera. Alifika pia katika chemchemi za maji moto za Mtagata, ambako alikuta wagonjwa waliokuja kuoga wakitafuta nafuu, ndani ya bonde lenye miti mirefu na nyani wengi. Watu waliyatumia maji hayo bila kuufyeka msitu uliokuwa ukiyazunguka.

Rumanyika alifariki dunia mwaka 1878. Baada yake Karagwe haikupata tena utulivu wa aina ile. Warithi waligombea kiti, na katika miaka ya mwanzo ya 1890 ugonjwa wa sotoka, uliokuwa ukiteketeza mifugo barani Afrika kutoka kaskazini hadi kusini, uliwaua ng'ombe wengi wa Karagwe. Njaa na maradhi vilifuata, na watu wakapungua. Malisho yaliyokosa ng'ombe wa kuyala na watu wa kuyasafisha yaligeuka vichaka. Katika miongo iliyofuata mbung'o walivamia vichaka hivyo na kuleta nagana kwa mifugo. Maeneo ambayo wageni wa miaka ya 1860 waliyaona yakiwa na ng'ombe wengi yalibaki pori.

Hilo ndilo fundisho kuu la historia ya Karagwe kwa wasimamizi wa mazingira. Mapori ya mkoa huu hayakuwa yote nchi isiyowahi kuguswa na binadamu. Sehemu kubwa ya mandhari hiyo ilitokana na uhusiano kati ya watu, mifugo, moto na wanyamapori, na uhusiano huo ulisimamiwa na mamlaka iliyotambulika. Mamlaka ilipodhoofika na mifugo ikafa, ardhi nayo ilibadilika ndani ya kizazi kimoja.

Mamlaka ya machifu ilifutwa kisheria mwaka 1963, na jukumu la kusimamia ardhi na maji ya vijiji hatimaye likawa la serikali za mitaa. Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya mwaka 1982 inazipa halmashauri na vijiji uwezo wa kutunga sheria ndogo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazitaka ngazi hizo ziwe na kamati za mazingira, na inakataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito na maziwa. Aidha, kila halmashauri nchini imeelekezwa kupanda miti milioni 1.5 kwa mwaka.

Mwaka 2019 yaliyokuwa mapori ya akiba ya Ibanda na Rumanyika Orugundu yalipandishwa hadhi na kuwa Hifadhi za Taifa za Ibanda-Kyerwa na Rumanyika-Karagwe. Ibanda-Kyerwa ipo kwenye kona ambako Tanzania inapakana na Uganda na Rwanda, ng'ambo ya Mto Kagera. Kwa wakazi wa Kaisho, walio upande huo wa wilaya, hifadhi ni jirani wa kila siku. Jirani huyo ana manufaa yake, yakiwamo maji, mvua na fursa za utalii. Anadai pia gharama, kwa sababu malisho na kuni ambazo zamani zilipatikana humo sasa zimezuiwa, na wanyama wanaotoka hifadhini wanaweza kuharibu mazao.

Gharama hiyo haiwezi kupunguzwa kwa doria peke yake. Inapungua pale kijiji kinapokuwa na mpango wa matumizi bora ya ardhi unaotenga malisho, mashamba na vyanzo vya maji kwa uwazi. Pale miti ya kivuli inapopandwa ndani ya mashamba ya kahawa na migomba badala ya msitu kukatwa. Na pale kaya zinapopata njia nyingine ya kupikia. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia umelenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati hiyo ifikapo mwaka 2034. Kwa wilaya inayopakana na hifadhi, utekelezaji wa lengo hilo ni sehemu ya ulinzi wa msitu.

Mto Kagera, ambao Stanley aliupa jina la malkia mtarajiwa wa Uingereza, Alexandra, ni mto mkubwa kuliko yote inayoingiza maji katika Ziwa Victoria. Udongo unaomomonyoka katika miteremko ya Kyerwa huweza kufika ziwani, na mti unaopandwa Kaisho humsaidia mvuvi wa mbali asiyemfahamu aliyeupanda. Ng'ambo ya mto, Rwanda ilirejesha faru weusi katika Hifadhi ya Akagera mwaka 2017, baada ya wanyama hao kutoweka. Kazi hiyo ilihitaji kuwasafirisha faru kutoka Afrika Kusini, ushahidi kwamba kurejesha kilichopotea ni kazi ngumu kuliko kukitunza kingali kipo.

Rumanyika hakuacha sheria iliyoandikwa wala mpango wa mazingira, na wafanyabiashara walinunua pembe za ndovu wa nchi yake kwa ridhaa yake. Alichoacha ni kumbukumbu ya Karagwe yenye malisho, maji na wanyama kwa pamoja, pamoja na onyo la kilichotokea baada yake. Jina lake limekwisha kuwekwa katika ramani ya hifadhi. Wajibu uliobaki uko katika mikutano mikuu ya vijiji, ambako wananchi wa Kaisho na majirani zao hujadili na kuamua mahali mpaka wa malisho utakapopita na chanzo kipi cha maji kitaachwa bila kulimwa.